Papa paka: familia moja au tatu?

NahodhaTanga: Wadau, zamani papa paka wote, spishi zaidi ya 150, walikuwa familia moja tu, Scyliorhinidae, na mtaalamu wa papa Compagno 1988 akawaacha humo humo. Leo kundi la Pentanchidae wametolewa kuwa familia, na 2022 kundi la Atelomycteridae nao wakapewa familia yao. Mimi naona wanatuvuruga tu. Samaki ni walewale, macho marefu ya paka, mapezi ya mgongoni yamerudi nyuma kabisa, wengi wanataga mayai yenye ganda gumu. Kuna haja gani?

Zuhura_bahari: Kaka, kufanana sio undugu. Iglésias na wenzake walilinganisha jeni, kama 2005 hivi, wakakuta hao Pentanchidae wako karibu zaidi na kina papa nyundo kuliko na Scyliorhinus, jenasi iliyoipa Scyliorhinidae jina. Ukiwarudisha pamoja unamwacha ndugu wa damu nje unamkumbatia jirani. Na alama ipo kichwani, ule mfupa juu ya jicho, Scyliorhinus, Poroderma na Cephaloscyllium wanao, Pentanchidae hawana.

MvuviKipumbwi: Mfupa?? Papa hana mfupa hata mmoja dada, ni gegedu tupu. Halafu ndio mnatufundisha ukoo wao.

Zuhura_bahari: Umeelewa vizuri nilichosema. Hili ndo tatizo la watu wa mnadani, papa mnamjua akishakuwa ng'onda, samaki mkavu, tu.

MvuviKipumbwi: Chunga maneno. Baba yangu kavua papa maisha yake yote na alikuwa anamtambua kwa ngozi gizani, kwa kupapasa tu, wewe umekaa na kitabu unatuita watu wa ng'onda. Nani anawaletea hao samaki mnaowapasua?

mama_Athuman: Hapo umekosea mwanangu Zuhura, na ng'onda ndo iliyosomesha watu wengi humu.

Kijana_wa_Pemba: Jamani turudi kwenye mada. Kinachonikera mimi ni jina. Pentanchus ana pezi moja tu la mgongoni, ni wa Ufilipino, kaandikwa kwa mara ya kwanza 1912, ndugu zake karibu wote wana mawili, halafu familia nzima inaitwa kwa jina la huyo wa ajabu!

Zuhura_bahari: Jina linafuata kanuni ya aliyetangulia kuandikwa, halichagui sura. Na mvuvi anayetambua kwa ngozi namheshimu, ila ngozi na rangi zinadanganya. Kule Afrika Kusini papa paka Haploblepharus kistnasamyi alihesabiwa kuwa spishi nyingine, Haploblepharus edwardsii, mpaka watafiti Human na Compagno wakamtenga 2006. Hapa kwetu je? Holohalaelurus grennian anaishi kina kirefu pwani ya Afrika Mashariki, alikuwa anachanganywa na wenzake wenye madoa mpaka Human huyo huyo akampa jina, 2006 hiyo hiyo. Miaka yote hiyo ukimtafuta kwenye orodha humpati.

MvuviKipumbwi: Sasa hapo umesema la maana. Pale tunapopimia mzigo karani anaandika "papa" basi, samaki taa na papa saa nyingine mstari mmoja, tumelalamika hadi tumechoka. Huyo wa kina akipungua nani atajua?

NahodhaTanga: Lakini hiyo ni spishi, mimi niliuliza familia.

Zuhura_bahari: Ni shida ileile kaka, ukishazoea kuwarundika huku juu na huko chini utawarundika. Papa paka wa jenasi ya Apristurus peke yao wanakaribia spishi 40, wengi weusi au kahawia, nani atawatenga kwa macho?

mama_Athuman: Basi karani afanyeje, maana kichwa cha papa hatakipasua mnadani.

MvuviKipumbwi: Hapasui kitu mama. Apige picha ya ubavu mzima na ya chini ya kichwa, ionekane mikunjo ya mdomo na vifuniko vya pua, akate kipande kidogo cha pezi akitie kwenye spiriti. Kuna vijana wangu wawili naweza kuwaonyesha wiki hii, dada Zuhura ukitaka hivyo vipande sema tukuletee wapi.