Nguzo imesimama ndani ya sebule: kochi la L au seti ya kawaida? Naweka advansi Jumamosi

Mkazi Mpya (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia nyumba ambayo sebule na sehemu ya kulia chakula ni ukumbi mmoja, hakuna ukuta katikati. Tatizo ni nguzo. Imesimama peke yake kama askari wa zamu, si katikati, si pembeni. Jumamosi naenda Keko, kwa mafundi wa samani hapa Dar, kuweka advansi ya makochi na mpaka sasa sijaamua. Ama nichukue kochi la L, mgongo wake ukae usawa wa nguzo ili litenganishe sebule na meza ya chakula, ama nichukue seti ya kawaida (la watu watatu, la wawili na mawili ya mmoja mmoja) niyapange kuzunguka ukuta. Mama watoto yeye anataka shelfu ndefu kutoka kwenye nguzo hadi ukutani. Na nguzo yenyewe niipambe vipi isionekane kituko? Bajeti ya makochi milioni moja na nusu. Natanguliza shukrani.

Nondo16
Mkuu umetupa bajeti, vipimo umebaki navyo. Ukumbi una urefu na upana gani? Nguzo ya mraba au ya duara? Iko umbali gani kutoka kila ukuta? Mlango, madirisha, jikoni na tivii viko wapi? Bila hivyo tunapiga ramli.

Mama Mapacha
Chukua L. Nimemaliza.

Babu Kigoda
Seti. L ni kochi la watu wasiotembelewa. Wakija wakwe, nani anakaa kwenye ile kona? Magoti yanagombana na ya jirani, na akitaka kuinuka mpaka wenzake wawili wampishe. Kiti cha mtu mmoja kina heshima yake, mgeni anajua huyu ni mimi na hiki ni changu.

Dogo wa Sinza
Vunja hiyo nguzo, upate nafasi. Fundi mwenye nyundo anamaliza asubuhi moja.

Nondo16
Dogo, usirudie tena ushauri huo, kuna watu wanasoma hapa na kwenda kutekeleza. Nguzo ya zege haikuwekwa kwa urembo. Inabeba boriti, boriti inabeba jamvi la zege la juu, na juu kuna watu wamelala. Umesahau ghorofa lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013? Umesahau la Kariakoo, Novemba 2024? Hata kuichimba tu ili upitishe waya hairuhusiwi, kwa sababu nondo zimefunikwa na zege la sentimita mbili na nusu hadi nne hivi. Ukichimba hapo umeifikia nondo, na nondo ikipata hewa na unyevu wa pwani inaota kutu, inavimba, inapasua zege yenyewe.

Dogo wa Sinza
Nilikuwa natania jamani.

Mkazi Mpya
Samahani wakuu, hivi hapa vipimo. Ukumbi ni mita 8 kwa 5. Mlango mkuu uko kwenye ukuta mfupi, kona ya kulia. Jikoni ni mwisho kabisa, upande wa pili. Madirisha mawili yako kwenye ukuta mrefu wa kushoto. Nguzo ni ya mraba, sentimita 30 kwa 30. Kutoka ukuta wa mlango hadi kwenye nguzo ni mita 4.5, kutoka ukuta wa madirisha ni mita 3, na kulia kwake inabaki mita 1.7. Tivii ni inchi 43, imefungwa ukuta wa kulia kwa sababu soketi na waya wa king'amuzi viko huko.

Nondo16
Sasa tunaongea. Ile mita 1.7 ya kulia ndiyo njia yako ya kwenda jikoni, usiizibe na kitu. Watu wawili wanapishana vizuri hata kwenye mita 1.2. Kwa hiyo sebule halisi ni upande wa madirisha, na hapo L ya mita 2.8 kwa 2 inaingia: mgongo mrefu usawa wa nguzo, mkono mfupi chini ya dirisha.

Shida ni tivii. Ikibaki ukuta wa kulia, kila anayekwenda kuchukua maji jikoni atakukata goli. Ihamishie ukuta wa mlango. Ila jicho lako litakuwa mita tatu na nusu hadi nne kutoka kwenye kioo, na inchi 43 inatazamika vizuri ukiwa ndani ya mita 2.7. Kwa umbali huo unatafuta inchi 65. Bajeti yako ya milioni moja na nusu imeshapata mtoto.

Dogo wa Sinza
Kwa nini asiitundike kwenye nguzo? Hapo sitanii.

Nondo16
Inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi. Nguzo ni 30. Itabaki na masikio ya sentimita thelathini na zaidi kila upande, na mtu akitoka jikoni gizani anaacha sikio lake pale.

Shangazi wa Ilala
Mwanangu Mkazi, mimi naongelea nguzo, makochi watakushauri wengine. Chochote utakachofanya, usiweke vioo.

Mwaka ule tulipohamia kwetu nilikuwa na nguzo kama yako, imekaa mlangoni kabisa. Nikaona picha mahali, nguzo imevishwa vioo pande zote nne, sebule imekuwa pana kama ukumbi wa harusi. Nikamwita fundi. Akaja na vioo vinne virefu na mirija ya silikoni, ile inayonuka siki. Akabandika, jioni akaondoka. Wiki ya kwanza raha tupu. Wiki ya pili mama mkwe akaja kutoka Kilosa, macho yake hayaoni vizuri. Akaingia, akakuta mama wa makamo kavaa kanga kama yake amesimama anamtazama. Akamwamkia. Akasubiri. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mgeni wenu mbona hajibu?" Nikashindwa kucheka, nikashindwa kulia.

Kufika mwezi wa tatu, madoa meusi yakaanza kujitokeza kwa nyuma ya kioo, kama ukungu wa mkate. Baadaye fundi mwingine akanieleza kuwa silikoni ya siki inakula ile rangi ya fedha iliyo mgongoni mwa kioo, kwamba ipo ya kwake maalumu isiyonuka. Na huyu wa kwanza alibandika juu ya rangi, hakukwangua mpaka kwenye plasta. Basi usiku mmoja wa Februari, joto kama unavyolijua, umeme hakuna, tukasikia kishindo. Kioo cha upande wa meza kimeshuka chote na ngozi ya rangi mgongoni. Namshukuru Mungu ilikuwa saa nane usiku. Mchana pale chini ndipo wajukuu walipokuwa wanachezea. Vipande nimeendelea kuviokota miezi sita, kila nikifagia chini ya kabati nakuta kimoja.

Vitatu vilivyobaki niliving'oa mwenyewe kwa uzi wa kuvulia, nausukuma nyuma kama unakata ugali.

Mama Mapacha
"Mbona hajibu" 😂😂 Shangazi nimemwaga chai.

Babu Kigoda
Pole sana. Ila mama mkwe ana adabu, aliamkia kwanza.

Binti Tanga
Mkazi, mimi ni mpenzi wa katani na sijutii. Izungushie nguzo kamba ya katani. Hesabu ni hii: nguzo yako mzingo wake ni mita 1.2. Kamba ya unene wa sentimita moja, ukitaka kufunika mita moja na nusu kutoka chini, ni mizunguko 150, yaani mita 180 za kamba. Nunua 190, kwenye pembe inakula. Ukitaka mpaka dari andaa karibu mara mbili. Kwanza funga kitambaa kizito kwenye pembe nne ili zisikate kamba, halafu vuta kila mzunguko ukaze juu ya mwenzake, gundi unaweka mwanzo na mwisho tu. Juu yake unaipaka rangi nyeupe ya maji. Sebule inanuka shamba siku mbili, kisha inatulia.

Jirani wa Paka
Una paka?

Binti Tanga
Sina.

Jirani wa Paka
Ndiyo maana hujutii.

Mswahili wa Lamu
Nawasoma nacheka. Wazee wetu hawakuwa na kesi na nguzo. Dari ililala juu ya boriti za mikoko, na boriti hazikuwa ndefu, kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe vikawa vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi, ila virefu. Pambo likaingia ndani ya ukuta wenyewe, kwenye zidaka: sahani huku, birika kule, sakafu ikabaki tupu, mkeka na mto. Nyinyi mnataka ukumbi wa mita tano, mnapewa na nguzo yake. Nasaha yangu: asinunue kochi lolote kwanza. Atandike mkeka wiki mbili, aangalie watu wa nyumba wanakaa wapi wenyewe.

Mama Mapacha
Ushauri mzuri ila mume wangu akikaa mkekani hainuki bila kuvutwa.

Babu Kigoda
Turudi kwenye shelfu ya mama watoto, mmeiruka na ndiye mwenye nyumba. Shelfu ya kufika dari kutoka kwenye nguzo hadi ukuta wa madirisha ni ukuta wa mita tatu. Panga boi lako liko wapi? Kama ni moja tu, upande mmoja utakula upepo na mwingine utakula jasho. Fanya fupi, usawa wa kiuno, isiyo na mgongo, upepo upite. Mninga, siyo paini. Paini ya bei rahisi wanakuletea ikiwa bado mbichi, Desemba inapinda.

Kijana wa Msasa
Mninga kwa shelfu ya vikombe ni kumwaga hela mzee wangu. Paini iliyokaushwa vizuri na kupigwa dawa ya mchwa inakaa miaka. Tatizo ni mafundi wasiosubiri mbao ikauke.

Babu Kigoda
Mimi nina kabati la mninga la baba yangu. Wewe la paini la baba yako liko wapi?

Kijana wa Msasa
Baba yangu alikuwa na la bati.

Mkazi Mpya
Asanteni wote, Shangazi pole sana. Panga boi ni moja, liko upande wa sebule. Kitu kimoja sikusema: nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba amesema nisitoboe ukuta na nisibadilishe rangi.

Nondo16
😐

Shangazi wa Ilala
Mwanangu.

Mama Mapacha
Sasa tivii ilifungwaje ukuta wa kulia?

Mkazi Mpya
Nililikuta bano la tivii la mpangaji wa zamani.

Nondo16
Basi tivii haihami, labda uiweke juu ya meza yake. Shelfu ya kujengea haipo. Na L ya kupimiwa nyumba hii, ukihama kwenda kwenye sebule ya mita tatu na nusu utailaza wapi? Nabadilisha kura yangu: L lakini ya vipande viwili vinavyoachana, mkono unaweza kugeuzwa kushoto au kulia. Mwambie fundi kabla hajakata mbao.

Dogo wa Sinza
Kwani mwenye nyumba anakuja kukagua? Kodi ya miezi sita umeshampa, paka rangi unayotaka.

Mama Mapacha
Usimsikilize. Mimi nilipaka chumba kimoja rangi ya maziwa, siku ya kuhama nikadaiwa hela ya kupaka nyumba nzima. Hatukuandikishiana kitu, nikalipa.

Kijana wa Msasa
Ndiyo hapo. Mpangaji analipia miezi sita mbele na bado anaishi kama mgeni.

Babu Kigoda
Jenga yako.

Kijana wa Msasa
Nipe kiwanja mzee.

Binti Tanga
Katani haitoboi wala haipaki, ukihama unaifungua. Gundi usiweke kabisa, mwisho wa kamba chomeka chini ya mizunguko kumi ya mwisho uvute. Na kwa wasiojua: katani yote hii ilianza Tanga mwaka 1893, Mjerumani Hindorf alipoileta, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu.

Jirani wa Paka
62 tu, na wangu amemaliza nguzo nzima peke yake.

Mswahili wa Lamu
Kama ni ya kupanga, kanga mbili zishonwe pamoja zivishwe nguzo. Chafu? Fua.

Mama Mapacha
Kanga kwenye nguzo, mama mkwe wa Shangazi ataiamkia tena.

Shangazi wa Ilala
😂 Ameshatangulia mbele ya haki, ila angeiamkia.

Mkazi Mpya
Nimeongea na mama watoto. Katani ameikubali, hatuna paka. Kochi tumebaki palepale, yeye amehamia kwenye seti, mimi nimeanza kuelekea kwenye L ya vipande viwili. Fundi wa Keko ananiambia vipande viwili vinaongeza laki moja na nusu, na kina cha kochi ni sentimita 95.

Nondo16
Kina 95. Mlango wako una upana gani?

Mkazi Mpya
Wa kawaida tu mkuu.

Nondo16
Wa kawaida ni 90, na fremu ukiitoa unabaki na themanini na kitu. Kochi la 95 linapita kwa kulisimamisha ama kulilaza mgongo, kwa hiyo mpaka ujue urefu wa mgongo wake na miguu kama inafunguka. Nyumba iko chini au ghorofani?

Mkazi Mpya
Ghorofa ya pili. Ngazi ina kona mbili.

Babu Kigoda
Viti vya mmoja mmoja vinapanda ngazi yoyote. Nasema tu.

Mkazi Mpya
Ngoja nikapime ngazi, nakuja. Binti Tanga, ile kamba Dar inauzwa wapi kwa roli?

Dogo wa Sinza
Na mimi nataka kujua, mwenye nyumba wangu kaniachia nguzo mbili.