Usingizi, gaini au redioloji? Walioko ndani naomba mnilinganishie

Mwanagenzi_255
Wakuu habari za jioni. Nipo interni, yale mazoezi ya hospitali baada ya chuo cha udaktari, namaliza mwezi wa 3, kila nikipiga simu nyumbani naulizwa naenda kusomea nini na mi sina jibu. Kichwani zimebaki fani 3, usingizi (dawa za usingizi na ganzi kwa wanaopasuliwa), gaini (uzazi na magonjwa ya wanawake) na redioloji (kusoma picha kama eksirei). Gaini naipenda toka chuo, redioloji nimeshawishiwa na rafiki, anasema huko nitalala usiku. Usingizi sikuwahi kuufikiria mpaka wiki 2 zilizopita nilipopelekwa thieta maana watu walikuwa pungufu. Kulikuwa na mama wa opareshini ya uzazi, sindano ya ganzi ya mgongo imeshaingia, mi nawaangalia wenzangu wanapaka ayodini, mara mama anasema taratibu, "dokta nasikia kichefuchefu." Basi, hakuongeza neno. Dokta wa usingizi hakungoja hata mashine ipime, efedrini, dawa ya kupandisha presha, alikuwa kashaivuta kwenye bomba la sindano toka mwanzo, akasukuma kidogo, akafungulia dripu, akaisukuma vizuri ile shuka iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili mama aegemee kushoto, ndo mkanda wa presha ukamaliza kupima, 74 ya juu. Baada ya dakika 2 mama anauliza kama mtoto kashatoka. Aliyekuwa anapasua hakujua kama kuna kitu kilitokea. Toka siku hiyo kile kitu hakinitoki kichwani. Niambieni bila kunificha, maisha, hela, stresi, vyote.

Bomba_la_Hewa
Mdogo wangu, mi nipo kwenye usingizi mwaka wa 9 ukihesabu na MMed, ile shahada ya ubingwa. Ulichokiona ndo kazi yenyewe. Sindano ya mgongo ikishika mishipa ya chini inalegea, damu inabaki miguuni, na mimba inakandamiza ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, basi presha inaporomoka na mara nyingi kichefuchefu kinaitangulia mashine. Ile fiziolojia uliyokariri ukafaulu ukaisahau, huku unaiona inatembea mbele yako, unasukuma dawa na ndani ya dakika unapata jibu. Wodini unaanza dawa Jumatatu unasubiri mpaka Ijumaa.

Upande wa pili sasa. Mgonjwa hatakujua jina. Akipona anamshukuru aliyempasua, na mi miaka ya mwanzo iliniuma sana. Kliniki yako mwenyewe ya kufungua mtaani ni ngumu, hela ya hospitali binafsi inategemea wapasuaji wakuite, ukikosana na wawili watatu simu inanyamaza. Na kuna siku lazima useme "huyu leo hapasuliwi, kala wali saa 2 zilizopita na sio dharura" mbele ya mtu aliyekufundisha, kakasirika, timu nzima inakuangalia wewe. Kama huwezi kulisema hilo kwa upole na ukabaki hapohapo, usije.

Alafu usidhani ni thieta tu. ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, imezaliwa kwetu, 1952 Copenhagen polio ilivyowakamata watu mpaka wakashindwa kupumua ni daktari wa usingizi Bjørn Ibsen aliyesema watobolewe koo wapewe hewa kwa mfuko, na wanafunzi wa udaktari wakakaa kwa zamu usiku na mchana wanabonyeza kwa mikono. Hata ile alama unayompa mtoto akizaliwa, aliyeianzisha, Virginia Apgar, alikuwa mtu wa usingizi.

Dada_wa_Leba
Naheshimu alichosema kaka hapo juu ila mi ni gaini na sijutii. Mama uliyemuhangaikia anavuja damu usiku anakuja baada ya mwaka kakushikia mtoto, anakwambia huyu ndo yule. Usingizi hawana hiyo. Ila ukweli usemwe, gaini inakula usingizi wako mwenyewe, saa 9 usiku ndo saa yetu, na mama akifariki ndugu wanakutafuta wewe, sio mwingine. Swali langu kwako, mbona umetuhadithia dawa, dripu na mkanda wa presha na hujatuambia hata mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?

Picha_na_Kivuli
Redioloji kwa kifupi. Picha zinasomeka hata ukiwa nyumbani kama intaneti ipo, na kazi haikosekani. Lakini utakaa kwenye chumba chenye giza masaa mengi na picha za watu usioonana nao. Aliyekushawishi kwa sababu ya kulala tu hajakusaidia.

Mganzi_Wilayani
Naombeni na mi niseme, mi sio daktari, ni nesi niliyesomea usingizi. Huku wilayani sehemu kubwa ya usingizi tunatoa sisi, madaktari bingwa wa fani hii mmejazana mijini, na ni wachache. Shirikisho la dunia la wana usingizi linataka angalau madaktari 5 kwa kila watu 100,000, sisi bado tuko mbali sana. Kuna usiku umeme ulikatika katikati ya opareshini, jenereta ikagoma, monita betri ilishakufa siku nyingi na tulisharipoti, mgonjwa nimempa ketamini, dawa ya usingizi, anapumua mwenyewe, nikawa na stetoskopu kifuani mkono wa kulia, vidole vya kushoto kwenye mshipa wa shingo, mhudumu anamulika na simu, nahesabu kwa sauti ili dokta asikie bado yupo. Alitoka mzima. Ila sikuwa na mtu wa kumpigia simu kumuuliza, hilo ndo linaloniumiza mpaka leo. Kwa hiyo dokta ukisoma usingizi, tafadhali kubali namba yako iwe kwenye simu za watu kama mimi.

Mbongo_Leeds
Kama una mpango wa kutoka nje, Uingereza usingizi ni miaka 7 ya mafunzo baada ya miaka 2 ya mwanzo ya kazi, na mitihani ya FRCA, ile ya ubingwa wa usingizi, ni migumu kwelikweli. Kinachonikera ni kwamba huku kipimo cha hewa chafu anayotoa mgonjwa ni lazima kila akiwekewa mpira wa kupumulia kooni, nyumbani nilifanya kazi sehemu haikuwa nacho kabisa, mpira ukiingia kwenye njia ya chakula badala ya hewa unategemea masikio na macho. Ukirudi kuwa bingwa pigania hicho kwanza kabla ya mashine za bei mbaya.

Mwanagenzi_255
Dada_wa_Leba umenishika pabaya. Nimekaa nafikiria, na kweli mtoto simkumbuki. Namkumbuka mama alivyobadilika rangi ya midomo na nakumbuka namba zote, 74, 88, 102. Mganzi_Wilayani nimesoma yako mara 3, nimekutumia ujumbe. Kesho naomba wiki 2 zaidi thieta kabla sijajaza fomu yoyote.

Bomba_la_Hewa
Omba na usiku, sio mchana tu. Na siku ya kwanza usishike sindano, kaa upande wa kichwa cha mgonjwa, muulize jina lake na umsikilize anavyojibu.