Unafundishaje vijana kutambua habari feki na simu haziruhusiwi shuleni?

Mwalimu_Nyalenda
Hamjambo wadau. Mimi ni mwalimu wa shule ya kutwa hapa Kisumu, tangu mwaka uanze nimekabidhiwa klabu ya uanahabari, watoto 34, tunakutana Jumatano baada ya masomo. Sasa sikieni. Wiki iliyopita msichana mmoja alinijia akilia hadi hawezi kuongea, eti matatu imepinduka Ahero na mamake ndiyo njia yake kila asubuhi akileta mboga soko la Kibuye. Picha ilikuwa kwa simu ya karani wa shule, magunia yametapakaa barabarani, watu wamelala chini. Tukampigia mama mara 4 hashiki, kumbe simu iko chini ya kapu yeye anahudumia wateja, ya 5 ndio akapokea akashangaa kwani kuna nini. Jioni nikiwa kwa nyumba nikaivuta ile picha ikawa kubwa, nikaona namba ya gari haianzi na K, na usukani uko kushoto. Hata si Kenya! Na aibu ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nishaifowadi kwa grupu mbili, moja ya kanisa.

Sasa nataka kuwafundisha hawa watoto lakini naanzia wapi? Nilijaribu kuwaambia "msiamini kila mnachokiona" wakaishika kama wimbo, siku hizi hata nikisoma notisi ya karo kuna mmoja huko nyuma lazima aulize "mwalimu, hiyo umeitoa wapi?"

FundiSimu_Nax
Hiyo ya notisi ya karo imeniua 😂😂

Mwalimu mimi natengeneza simu hapa Nakuru karibu na steji, na naona shida iko hapo hapo uliposema. Ukimwambia mtoto kila kitu ni feki hawi mwerevu, anakuwa mkaidi tu. Mnakumbuka Aprili 2024 wakati wa mafuriko? Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29, na usiku wa kuamkia siku hiyo wizara ikatoa taarifa kwamba imesongeza mbele wiki moja. Dadangu aliiona kwa WhatsApp akasema wachana na hiyo, nani anatoa barua usiku wa manane, saa kumi na moja asubuhi akampandisha kijana gari na sanduku lake na godoro. Kijana akafika geti imefungwa, akarudi jioni amelowa. Kwa hivyo si kushuku tu, wafunze kuuliza hii nitaithibitisha wapi nikitoka hapa.

Na wachoree ubaoni ile mishale miwili inakaa juu ya meseji ya WhatsApp. Ikiwa nayo imepita mikono mingi, na tangu 2020 meseji ya aina hiyo unaituma kwa chati moja tu kwa mpigo. Haimaanishi ni uongo, inamaanisha aliyekutumia siye aliyeona.

MamaGredi9
Mulembe kutoka Kakamega. Mwalimu usianze na siasa tafadhali, ukianza na siasa Jumatano ya pili mzazi ako ofisini kwa mwalimu mkuu anauliza wewe ni wa mrengo gani. Anza na pesa. Kijana wangu alipata linki ya ufadhili wa masomo, iko na bendera, iko na nembo, amejaza kila kitu imebaki tu kutuma 350 ya "kufungua faili" na kuna saa inarudi nyuma 09:58, 09:57, akaja kuniomba simu mikono inatetemeka. Nikamuuliza, wewe, dakika kumi zikiisha masomo nayo yataisha? Tukaitafuta nje ya hiyo linki, haiko popote. Siku hizi akiona ile saa anacheka. Hapo ndio pa kuanzia, wajue mtu akikuharakisha sana ujue hataki ufikirie.

Mzee_wa_Kondele
Mama nakusikia lakini siasa utaikimbia hadi lini, hao watoto karibu wapige kura. Sisi tuliona 2007 kuingia 2008, ile vita ya baada ya kura, hakukuwa na TikTok, ilikuwa simu ndogo za mulika mwizi na SMS, "wale wanakuja usiku huu, ambia wenu". Hakuna aliyeuliza nani ameandika. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchi nzima, sisemi ni SMS iliua lakini petroli ilimwaga. Na 2017 kabla ya kura zikatokea vidio zenye nembo ya BBC na CNN zinatangaza kura za maoni, zote feki. Mimi ile ya BBC niliiamini juu ya rangi nyekundu tu omera.

Mtu_wa_Maktaba
Mzee hapo kwa rangi nyekundu ndipo penyewe. Kuna utafiti wa Stanford huko Marekani, 2017, walichukua wanahistoria 10 wenye PhD, wakaguzi wa habari 10 na wanafunzi 25 wa hicho chuo wakawapa tovuti wazipime. Wasomi wengi wakakaa kuisoma tovuti juu hadi chini wakadanganywa na nembo, wakaguzi nao waliiacha mapema wakaenda kuangalia wengine wanasema nini kuihusu. Mwalimu, ile namba ya gari ulibahatika, picha za AI sasa zinaweza kukuwekea hata namba ya K. Fanya hivi: kila kikundi kipe posti moja imeprintiwa, na bahasha wewe umezishika. Ndani weka kile wangepata wakitafuta, labda ukurasa wa wakaguzi wa habari kama PesaCheck au Africa Check, au habari ya gazeti, na bahasha zingine ziwe tupu. Hupewi bahasha hadi useme unatafuta nini hasa.

MamaGredi9
Hizo tupu ndio zitawasumbua 😅 hiyo ni nzuri

Mwalimu_Nyalenda
Asanteni sana, bahasha nimechukua, na ile saa ya Mama tunaanza nayo Jumatano hii. Mzee ya 2007 nitakuomba uje useme mwenyewe, sitaki kuisimulia ya kusikia. Leo nimepita saiba kuprinti ile picha ya matatu, nyeusi na nyeupe ni shilingi 10 lakini namba ya gari imekuwa doa tu, ya rangi ni 30 na nina vikundi 7, basi.

Halafu nimeandika kwa grupu ya kanisa kwamba ile picha niliyotuma si ya Ahero. Wawili wameweka dole gumba, mmoja ameuliza kwani ni ya wapi, na mwenyekiti ameifowadi tena asubuhi hii.