Mrejesho: ule mlio wa tik-tik kwenye pikapu yangu

Habari zenu wakuu. Wiki mbili zilizopita niliuliza kuhusu pikapu yangu ya dizeli: asubuhi injini ikiwa baridi inalia tik-tik-tik, ikipata moto mlio unapungua, na nikisimama bila kuzima injini, usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi.

Wengi mlisema tapeti, yaani vile vifaa vinavyosukuma vali za injini zifunguke. Fundi naye alishatoa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) azipime, lakini mwenzetu mmoja alinisihi nianze na manifoldi ya ekzosi, lile bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Alikuwa sahihi kabisa! Tulichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine tukaipitisha kando ya injini. Kwenye silinda ya nne moshi unapuliza wazi, na masizi yamezunguka gasketi, kizibio kilicho kati ya manifoldi na injini. Stadi moja (bolti inayobana manifoldi kwenye injini) ilikatika. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba mwanya, ndiyo maana mlio ulikuwa unafifia.

Kuitoa stadi iliyovunjikia ndani kulichukua siku nzima, fundi hakutaka kuharibu silinda hedi (kichwa cha injini, stadi inapofungwa). Namshukuru sana kwa subira ile.

Mtetemo ulikuwa ugonjwa mwingine: mauntingi ya injini (kikalio cha mpira kinachoishikilia injini kwenye fremu) upande wa kulia mpira umechanika. Nimebadilisha mauntingi zote mbili, ya kulia na ya kushoto. Tapeti hatukuzigusa.