Kuna mtu kanivunjia heshima kwenye arobaini ya kuzaliwa kwa mpwa wangu, tena kwa bando langu mwenyewe

Watu wa Tanga mliomo humu, yule mama wa barabara ya 12 mnamjua, simtaji, yule akikohoa Ngamiani wanaitikia Pemba. Leo kanimaliza.

Arobaini ya mtoto wa dada, kwenu saa kumi jioni, huku kwangu Thailand saa mbili usiku. Nimechoka, nimeimba ABC na watoto 45 tangu wapandishe bendera ile saa mbili asubuhi, lakini nikavaa shati na tai nikapiga vidio. Bando la mama nimenunua mimi. Sasa simu ya shughulini mnaijua haikai mkono mmoja, mara naona sikio la bibi, mara sufuria, mara kanga ya mtu, hujambo sijambo, ikatua kwake. Akanikodolea weee, kisha kwa sauti yake ile ile: "Huyu si ndo aliyepata D ya kingereza?"

D YA KINGEREZA. Mbele ya wakwe wa dada.

Akaitupa simu mkekani, nikabaki naangalia panga boi linazunguka huku nasikia watu wanavyocheka. Nimevaa tai naangalia panga boi! Na kicheko cha mama nakijua, kilikuwemo.

Jamani ile D ni ya kidato cha nne 2012, mwaka ambao nchi nzima ilizama mpaka serikali ikafuta matokeo ikayapanga upya. Nikasoma diploma, nikasoma digrii, nikafanya TOEIC, ule mtihani wa kingereza, nikavuka zile 600 wanazotudai sie tusiozaliwa London. Huku hata muuza wali ananiita Ticha. Halafu mtu ambaye kingereza chake chote ni "chaji" ananiambia D, mbele ya wakwe! Sipigi tena, anayenitaka aandike barua apeleke posta.

mzee_wa_mofa: Mkuu subiri kwanza. Matokeo yalipangwa upya, sawa. Kwa hiyo hiyo D ni BAADA ya kupangwa? Kabla ilikuwa ngapi?

binti_chumbageni: 😂😂😂 nimeanguka na baiskeli

Mleta uzi: Hilo halihusiani na mada.

mzee_wa_mofa: Basi tushajua ilikuwa ngapi.

mkwaju_mkavu: Nyie wa Thailand mnadeka, WhatsApp yenu inafunguka yenyewe. Mie niko China, WhatsApp imefungwa, bila VPN ya kuruka vizuizi hupati kitu na VPN nayo ikiamua kufa inakufa wiki nzima, nikamwekea mama WeChat akaniambia maandishi ya majini hayataki kwenye simu yake. Tena tumepishana masaa matano, akishaswali Isha akapumzika ndo ananipigia, huku usiku wa manane, nikipokea kwa usingizi ananiuliza mbona umelala mapema mwanangu, unaumwa?

binti_chumbageni: Afadhali wewe unaulizwa kama unaumwa. Mie nikiwa Oman simu zote zilianza na "umetusahau" zikaishia kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Ati huko si zinaokotwa.

Mleta uzi: Jamani turudini kwenye D.

mzee_wa_mofa: Wewe mwenyewe unaipenda hiyo D.

upepo_wa_raskazone: Mie nilikuwepo hapo kwenye arobaini. D niliisikia na nilicheka, Ticha unisamehe, ulikuwa umekaa na ile tai kama picha ya kitambulisho. Lakini mbona hakuna anayesema habari ya pilau? Tumekaa tangu saa saba, linakuja sinia moja watu tisa, nyama nimeiona kwa jirani.

mkwaju_mkavu: Sinia moja watu TISA?

upepo_wa_raskazone: Tisa. Na mtoto mmoja kapakatwa.

Mleta uzi: Hela ya nyama nilituma mimi!!

binti_chumbageni: We Ticha tulia kwanza. Nani alipika?