Wenye boti za Mnemba, sugueni miwani mipya kabla hamjamvika mgeni!!

Jamani leo nna hasira wallahi na msinambie nipunguze maneno. Hivi nyie wenye boti huku kaskazini ya Unguja, Nungwi, Kendwa, Matemwe, mnanunua miwani mipya ya kuzamia mnaichana nailoni pale pale mchangani mnamvika mgeni, halafu ikishika ukungu mnasema mtembezaji hajui kazi?? Kwani mie ndo nnopuliza huo ukungu?

Mgeni kalipa pesa yake kuja kuona samaki anaingia majini dakika mbili haoni kitu, anavua, anasuuza, anavaa, haoni tena. Anapokuja kuchoka anasimama juu ya matumbawe apate kupangusa kioo, mie huku nampigia kelele ashuke, mkondo nao unavuta, wenzake wameshafika mbele kwa kasa. Bakshishi utaisikia kwa jirani. Na jioni bosi anakusomea malalamiko kwenye simu mbele za watu, "wageni wanasema huwasaidii". Nawasaidia na nini, niwalambie kioo?

Sasa nisikilizeni, maana naona wengi hamjui au mnajifanya. Kioo kipya kinatoka kiwandani na utando. Ule mpira laini wa pembeni ni silikoni, na silikoni inaacha kitu kama mafuta juu ya kioo, wakati wa kutengenezwa na hata ikishakaa kwenye boksi lake. Kwa macho huoni, lakini pitisha kidole kwa ndani utasikia kinateleza. Utando ule ukiwepo hata mteme mate kijiji kizima hayashiki. Ukungu wenyewe si muujiza, uso una joto, pumzi ina unyevu, kioo kinapoa na maji ya bahari, ule mvuke unaganda vitone vitone. Mate au shampuu kazi yake kuyafanya maji yatandae yawe bapa yasisimame vitone, lakini yatatandaa wapi juu ya mafuta?

Dawa yake ni dawa ya msuaki. Basi. Ile nyeupe ya kawaida, siyo jeli, maana inotakiwa ni ule ukwaru wake. Kioo kikavu, unatia kidogo, unasugua kwa kidole ndani yote mpaka kwenye kona za karibu na mpira ambako kila mtu anazembea, unasuuza, unarudia tena na tena mpaka kidole kianze kukwama kwa ukavu na kulia kwiu kwiu. Isipokuwa kama boksi limeandikwa kioo kina dawa ya kuzuia ukungu, hiyo msiiguse na msuaki mtaikwangua. Nlipomwambia bosi atununulie tyubu mbili tu akanijibu "miwani mipya unaisafisha ya nini". Mtu ana boti ya injini mbili huyo!

Halafu kuna fundi wa YouTube pale kwetu, kaona watu wanapitisha kibiriti cha gesi kwenye kioo, na ni kweli njia ipo, kioo kinafanya cheusi kwa masizi unapangusa utando unaondoka. Lakini hiyo ni kwa kioo kigumu cha kuzamia na moto lazima utembee usikae pahala pamoja wala usisogelee mpira. Yeye kaanza na miwani ya plastiki. Kioo kikajikunja, bosi akatukata sote pesa!! Nyie mngekuwa mie mngefanyaje.

Na hii habari ya ndoo moja. Miwani, mapezi, vile vibomba vya kuvutia pumzi, vyote ndani ya ndoo moja, maji ya asubuhi mpaka magharibi, juu yanaelea mafuta ya jua ya watu wote wa siku ile na chini mchanga unakwaruza vioo. Mafuta ya jua ni ukungu mwengine huo! Mgeni anajipaka usoni, anavaa, kioo kishaharibika kabla hajagusa maji. Waambieni wapake mapema, washike miwani kwa mkanda wasitie vidole ndani, na ikivuliwa ishushwe shingoni, siyo kupandishwa kwenye kipaji chenye jasho. Na wapumue kwa mdomo, wengi wanatoa pumzi kwa pua humo humo ndani wakashangaa.

Mate bado ndo mwisho wa yote, wachokoaji pweza wetu hawana kingine na wanaona vizuri kuliko nyie. Ila ya kukodisha huwezi kumtemea mgeni, na yeye hataki kutema kwenye kitu kilichovaliwa na watu kumi. Ndo nkasema chupa ya kupulizia, shampuu ya watoto kidogo, maji mengi, unapuliza, unazungusha, unasuuza mara moja tu kwa maji ya bahari na kuvaa hapo hapo kabla hakijakauka. Shampuu ya watoto kwa sababu haichomi macho, siyo sabuni ya vyombo kama alivyofanya mmoja tukawa na mwanamke wa watu analia juu ya boti.

Haya, kesho asubuhi kuna kundi jengine na miwani mipya imefika, ipo kwenye maboksi haijafunguliwa. Tyubu nimenunua kwa pesa yangu. Bosi kama unasoma hapa, na najua unasoma, risiti nnayo.