Ombi la kibali cha ujenzi Mtwara Mikindani limerudishwa, nirekebishe nini?

Kijana wa Mangamba
Wakuu, habari za muda huu. Nina kiwanja Mangamba, mita 20 kwa 25, kimepimwa na bikoni zipo. Nataka nyumba ya chini ya vyumba vitatu, na mbele fremu mbili za duka. Nimeomba kibali kupitia Tausi, ule mfumo wa halmashauri wa mtandaoni: nimepakia hati (bado ina jina la aliyeniuzia), mkataba wa mauziano na ramani niliyonunua mtandaoni. Jibu: "Kamilisha viambatisho, rekebisha michoro." Viambatisho gani, hawajasema. Fundi ananiambia nianze msingi, kibali kitanikuta huko huko. Nishaurini.

Msumari Moto
Fundi mwambie apumzike kwanza. Kibali kinatangulia ujenzi, ndivyo Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inavyotaka. Ukipigiwa X nyekundu ya kubomoa kwenye msingi, hasara ni yako, yeye ameshalipwa.

Tatizo lako la kwanza ni jina. Afisa huanza na umiliki kabla hajafungua mchoro. Hati ina jina la muuzaji, akaunti ya Tausi ina NIDA yako, na ukiangalia kile kisanduku cha chini kulia kwenye ramani za mtandaoni, mara nyingi utakuta jina la mtu wa tatu kabisa! Mkataba unaonyesha mmeuziana, lakini milki haihami kwa mkataba peke yake. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye uhamisho: fomu namba 29, 30 na 35, hati halisi, picha na vitambulisho vya wote wawili, ridhaa ya mwenza wa muuzaji kama yuko kwenye ndoa, na taarifa ya uthamini. TRA kuna ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji. Hiyo ya mtaji kisheria ni ya muuzaji, kwa hiyo mbane angali yupo mjini. Na kodi ya pango la ardhi isiwe na deni la nyuma. Deni hukwamisha uhamisho na kibali pia.

Rula na Penseli
Nije kwenye michoro. Ulichonunua bila shaka ni plani ya vyumba na picha ya rangi. Picha ya rangi ni ya kumwonyesha shemeji, halmashauri haina kazi nayo.

Kinachotakiwa ni mchoro wa eneo (saiti plani), plani ya msingi, ya sakafu na ya paa, sura nne za nje, angalau mkato mmoja unaoonyesha msingi, lenta na urefu wa dari, pamoja na jedwali la milango na madirisha. Plani na sura kwa kipimo cha 1:100. Kila karatasi iwe na jina lako, namba ya kiwanja na kitalu kama zilivyo kwenye hati, jina la mchoraji, sahihi na muhuri.

Maombi mengi huangukia kwenye saiti plani. Yako ionyeshe mshale wa kaskazini, barabara, uzio na geti, shimo la maji taka na la kunyonya, na umbali wa ukuta hadi mpaka pande zote nne, kwa tarakimu. Halafu jumlisha. Upana wa kiwanja ni mita 20: kushoto 2.5, nyumba 15, kulia 2.5, sawa. Jumla ikitoka 21.3 ujue nyumba ilichorwa kwa kiwanja cha mtu mwingine, na afisa mwenye kikokotoo atakurudishia siku hiyo hiyo. Paa nalo lihesabu: likitokeza sentimita 60 kila upande, linakula umbali wa mpaka. Nafasi zinazotakiwa mbele, nyuma na pembeni chukua mipango miji kabla mchoraji hajaanza, msikisie.

Msumari Moto
Nimesahau fremu. Soma kipengele cha matumizi kwenye hati. Kama kimeandikwa makazi tu, fremu mbili zinalifanya ombi liwe la kitu kingine. Ama uziondoe kwenye mchoro, ama uombe kwanza kubadili matumizi ya ardhi, jambo ambalo lina utaratibu wake na muda wake. Ule ujanja wa kuziandika "stoo" huku zina milango mipana inayotazama barabarani, wanaujua.

Mama Ntwara
Nadandia uzi. Kiwanja kipo Mikindani karibu na maji, nawaza ghorofa moja. Masharti ni haya haya?

Rula na Penseli
Yanaongezeka, mama. Pima kwanza umbali kutoka ufukweni: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Ukiwa humo, usitumie hela kwa mchoraji. Ghorofa inataka michoro ya nguzo, mihimili na slabu ya mhandisi aliyesajiliwa na ERB (bodi ya wahandisi), na ya usanifu kutoka kwa aliyesajiliwa AQRB (bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi). Na kama eneo lina gofu la zamani, waone watu wa Mambo ya Kale, wanaosimamia majengo ya kihistoria, kabla ya kugusa jiwe lolote.

Kijana wa Mangamba
Shukrani wakuu. Nikishahamisha hati, nafungua ombi jipya au naendelea na lile lile?

Msumari Moto
Kama bado liko kwenye hali ya kurekebishwa, endelea na hilo hilo. Ambatisha barua ya ukurasa mmoja inayojibu hoja moja moja: hoja, ulichorekebisha, kiko karatasi namba ngapi. Skani hati kurasa zote, si ya mbele tu, na isiwe picha ya simu yenye kivuli cha mkono. Kabla ya kutuma nenda mipango miji na mchoro uliochapwa, uombe wakuandikie hoja zote zilizobaki. Malipo fanya kwa kumbukumbu namba inayotoka kwenye mfumo wenyewe. Anayetaka umpe mkononi ili "aisukume faili", mpite.